Kona ya Dada Mkubwa: Kabla ya kumwaga jamvi, ikague ardhi yako

Safari hii wengi mmeniuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Msingi umeshapanda, kifusi kimeshaingia, fundi anataka kumwaga jamvi Jumamosi, je, nimruhusu? Mmoja wenu wa Chanika ameniandikia kwamba alipoomba kuangalia kwanza, fundi wake alimjibu, "Dada, chini hakuna cha kuangalia, ni udongo tu." Nimeweka kando maswali ya ndoa na ya mawifi mpaka toleo lijalo, kwa sababu hili lina haraka. Zege likishamwagwa halirudi kwenye ndoo.

Mdogo wangu, huo "udongo tu" ndio utakaobeba jamvi lako, vigae vyako, makabati, jokofu, na watoto watakaokimbia humo mpaka wawe watu wazima. Tunapojenga, macho yetu yote huenda kwenye vitu vya kununua dukani. Tunahesabu mifuko ya saruji, tunakagua unene wa nondo, tunabishana na muuza kokoto. Ardhi, kwa sababu haina risiti, tunamwachia saidia fundi. Lakini zege lina tabia moja ambayo kila mwenye nyumba anapaswa kuijua. Likigandamizwa lina nguvu nyingi mno. Likipindwa au kuvutwa, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kwanza. Jamvi lililolala juu ya ardhi iliyoshiba linagandamizwa tu, na hilo linaliweza. Jamvi ambalo chini yake pana uwazi, hata wa unene wa kidole, linapindwa kila mtu anapopita, na hapo ndipo linapopasuka. Ongeza saruji utakavyo, ule uwazi utabaki pale pale.

Kwa hiyo leo tuzungumze ya chini. Nazungumza hasa na wewe unayejenga kidogo kidogo kwa hela ya kikoba na mshahara, ambaye jamvi likiharibika hutakuwa na hela ya kulimwaga mara ya pili.

Anza kwa kuijua ardhi yako, na usitegemee ya jirani. Miaka ya 1930 alikuwepo mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule milima ya Usambara. Alipokuwa akichunguza udongo wa Afrika Mashariki aliona kwamba hubadilika kwa mpangilio toka juu ya kilima mpaka bondeni: huku juu mwekundu, kwenye mteremko wenye mchanga mchanga, na bondeni mweusi wa kunata. Mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Wakulima wa Usukumani walikuwa wakilijua hilo kabla yake, na kila udongo wa mteremko una jina lake kwao. Kwako wewe maana yake ni kwamba mwenzako aliyejenga mita 200 juu yako anaweza kumwaga jamvi kwenye udongo mwekundu mgumu akalala usingizi, nawe wa bondeni ukaiga kila alichofanya na nyumba ikapasuka.

Kuijua ardhi hakuhitaji gharama. Mwambie kijana akuchimbie shimo la mita moja kwenda chini, ndani ya eneo la nyumba, kisha uingie uangalie kingo zake. Utaona tabaka: ule wa juu wenye mizizi, halafu unaofuata, halafu pengine mwingine. Chukua konzi moja ya kila tabaka, tia kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, jaza maji, tikisa kwa nguvu, weka juu ya ukuta. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja au mbili. Ule mwepesi zaidi unafuata. Mfinyanzi unabaki ukielea na kuyachafua maji kwa saa nyingi, wakati mwingine mpaka kesho yake. Chupa ikiwa karibu yote ni mchanga, kazi yako itakuwa nyepesi. Maji yakikataa kutakata na tope laini likiwa ndilo jingi, una mfinyanzi, endelea kusoma kwa makini.

Udongo wa kuogopa kuliko wote ni ule mweusi wa mbuga. Utaujua wakati wa kiangazi, kwani hupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Masika hunywa maji ukavimba, kiangazi hukauka ukanywea, na kila mwaka hurudia, ukiinua na kushusha chochote kilichojengwa juu yake. Wenzetu wa Kenya wanaojenga Kitengela na Athi River wanaufahamu vizuri, na dawa yao ya kawaida ni kuuchimba wote na kuuondoa mpaka wafike kwenye tabaka gumu, kisha wanajaza mawe na moramu. Ni gharama, sikufichi. Ukiukuta kwenye kiwanja chako, na tabaka lake ni refu, hapo si mahali pa ushauri wa kona hii wala wa fundi peke yake. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje aone. Malipo yake hayafiki hata sehemu ndogo ya hasara ya nyumba inayopanda na kushuka.

Ukishaijua ardhi, isafishe. Udongo wa juu, ule wa sentimita 15 hadi 20 wenye majani na mizizi, uondoe wote. Ni mzuri kwa mchicha na haufai kubeba nyumba, kwa sababu kila kilichomo kitaoza, na kikioza kinaacha nafasi. Ukusanye pembeni, utauhitaji kwenye bustani. Usikubali kabisa huo huo urudishwe ndani ya msingi kama kifusi, jambo ambalo hutokea mara nyingi sana kwa sababu upo karibu na ni wa bure.

Visiki navyo ving'olewe na mizizi yake. Kisiki cha mnazi au mwembe kilichokatwa usawa wa ardhi na kufunikwa kinaoza taratibu, na baada ya miaka kadhaa unabaki na shimo chini ya sebule. Kama kuna kichuguu, chimba mpaka umfikie malkia. Ukikisawazisha tu, mchwa watajenga upya humo humo. Na ninyi mlionunua viwanja kwenye mitaa ya zamani, iwe Mbagala, Manzese au Magomeni, mahali ambapo nyumba za udongo zilibomolewa, naomba mnisikilize vizuri hapa: tafuta shimo la choo la zamani. Waulize wazee wa mtaa choo kilikuwa upande gani, maana mara nyingi wanakumbuka. Kisha pita na mtaimbo ukigonga eneo lote. Pagumu patagonga kavu, penye shimo patatoa mlio wa uwazi au mtaimbo utazama. Shimo kama hilo lazima lichimbuliwe na kutolewa uchafu wake, kisha lijazwe tabaka kwa tabaka. Likifunikwa kwa nondo mbili na zege juu, umejenga juu ya mtego.

Sasa tuje kwenye kifusi, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Tripu za kifusi zinakuja, lori linapiga mgongo, vijana wanasambaza mpaka msingi unajaa usawa wa juu. Halafu anakuja mtu na gogo au mashine anashindilia pale juu. Ukipita unahisi pagumu, unafurahi. Lakini nguvu ya shindilio haifiki mbali. Shindilio la mkono linagusa sentimita 10 au 15 za juu; mashine ndogo ya sahani inafika zaidi kidogo. Chini ya hapo kifusi kiko vile vile kilivyotoka kwenye lori, kimejaa hewa. Umetengeneza ganda gumu juu ya kitu laini. Masika ya kwanza maji yanapenya, kile cha chini kinajikusanya na kushuka, na jamvi linabaki limening'inia. Dalili zake unazijua hata kama hukujua sababu: kigae kikigongwa kinalia tupu, nafasi nyembamba inajitokeza kati ya sakafu na ukuta, ufa unaanzia kwenye kona ya mlango na kukatiza sebule.

Kifusi kinajazwa tabaka kwa tabaka. Tandaza sentimita 15, si zaidi, lowanisha, shindilia, ndipo utandaze nyingine. Msingi wenye kina cha sentimita 60 una tabaka nne au zaidi, na kila tabaka lina zamu yake ya kushindiliwa. Piga mistari kwa chaki au mkaa kwenye ukuta wa ndani wa msingi, kila sentimita 15, ili hata usipokuwepo mtu asiseme alikisia. Fundi atakwambia inachelewesha kazi. Kweli inachelewesha, pengine kwa siku mbili au tatu, na wewe ndiye unayelipa, kwa hiyo mkubaliane mapema kwenye bei ya kazi badala ya kubishana kifusi kikiwa kimeshamwagwa. Ongeza pia kwenye hesabu zako kwamba kifusi kikishindiliwa kinapungua, kinaweza kupungua hata robo ya ujazo wake. Ukiagiza tripu kwa kupima shimo tu, zitapungua, na mtu ambaye tripu zake zimepungua hushawishika kutoshindilia.

Maji ndiyo siri ya kazi hii. Mwaka 1933 mhandisi wa Los Angeles aitwaye Ralph Proctor, aliyekuwa akishughulikia mabwawa ya udongo, alionyesha kwamba kila udongo una kiwango chake cha unyevu ambacho ukishindiliwa unashikamana kuliko wakati mwingine wowote. Ukiwa mkavu mno, punje zinasuguana na kukataa kuingiana. Ukiwa umeloa mno, maji yanashika nafasi na udongo unacheza tu chini ya shindilio. Maabara za barabara duniani kote zinatumia kipimo hicho hadi leo, lakini wewe una kiganja. Shika konzi ya kifusi, kaza ngumi, fungua. Kikimeguka na kumwagika kama unga, ongeza maji. Kikikuachia kiganja kimelowa na kung'aa, acha kikauke kwanza. Kikibaki donge lenye alama za vidole vyako, na ukilidondosha toka kiunoni likavunjika vipande viwili vitatu, mwambie kijana aanze kushindilia sasa hivi.

Kuna desturi ya kumwaga maji mengi, kuloweka msingi mzima na kuacha usiku kucha ili kifusi kijishindilie chenyewe. Kwa mchanga safi, kama ule wa sehemu nyingi za Kigamboni, maji husaidia kweli, punje zinashuka na kupangana, ingawa bado napenda mashine ipite baadaye. Kwa kifusi chenye mfinyanzi, kuloweka ni kuharibu. Unapata tope juu na ukavu chini, na litakapokauka litanywea na kuachia ukuta. Desturi nyingine ni kuacha kifusi kinyeshewe masika nzima kabla ya jamvi. Hiyo siipingi, hasa kama hela ya zege haijapatikana na unasubiri tu, ila mvua haijui tabaka. Iwe nyongeza, isiwe badala ya kushindilia.

Na kifusi chenyewe kiwe cha nini? Moramu ni nzuri sana, mchanga mgumu ni mzuri, changarawe ni nzuri. Kifusi cha nyumba iliyobomolewa kinafaa kikichambuliwa, maana humo mna mbao, mifuko ya nailoni, vipande vya bodi za dari, matambara. Simama lori linapomwaga. Ukiona majani na taka, lirudishe kabla dereva hajalipwa.

Kwa ninyi wa Goba, Kimara na kwingine kwenye miteremko, ambako upande mmoja wa msingi unaweza kuwa mrefu kuliko mtu: kifusi kingi kinasukuma ukuta. Ukuta wa msingi ambao tofali zake bado mbichi unaweza kutoka nje kwa shindilio moja zito. Acha ukomae, jaza pande zote kwa usawa, na kifusi kikizidi mita moja ongea na mhandisi, kwani huenda ikawa nafuu kumwaga jamvi linalobebwa na mihimili yake badala ya kununua mlima wa kifusi.

Watu wa pwani wanaijua kazi ya kushindilia tangu zamani. Dari za chokaa na mawe za majumba ya Unguja na Lamu zilipigwa kwa miti siku baada ya siku, mapigo mepesi na mengi, watu wakiimba ili wapige pamoja. Hawakuwa na mashine, walikuwa na subira, na dari hizo zilibeba watu na mvua kwa vizazi. Nalitaja hili kwa sababu wengi mnaniambia hamna hela ya kukodi mashine. Vijana wawili wenye shindilio zito, la kopo la rangi lililojazwa zege na kuchomekwa mti, wanatosha kwa nyumba ya vyumba vitatu, mradi tabaka ziwe nyembamba, sentimita 10 badala ya 15.

Kabla tabaka la mwisho halijafunikwa, mabomba. Bomba la choo na la maji ya bafuni lazima yalale sasa, yakiwa na mteremko, na yajaribiwe kwa maji. Ziba mwisho wa bomba, lijaze, weka alama, rudi baada ya saa moja uone kama maji yameshuka. Mtaro wa bomba ndio mahali panaposahaulika kushindiliwa, na ndiyo maana ufa mwingi wa sakafu hufuata njia ya bomba. Jaza pembeni kwa mchanga usio na mawe, shindilia kwa mkono pande mbili za bomba kwanza, ndipo juu.

Kisha dawa ya mchwa, baada ya kushindilia na kabla ya kufunika. Hapa nina ombi la dada. Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo. Dawa za zamani za mchwa, aldrini, dieldrini na klodani, ziliwekwa kwenye orodha ya kuondolewa duniani na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu zinakaa kwenye udongo na mwilini kwa miaka mingi. Dai yenye lebo na usajili, soma kipimo, anayepulizia avae glavu na kuziba pua, watoto na wajawazito wasiwepo. Kama kisima kipo karibu, mweleze mtaalamu kabla hajafungua kopo.

Juu ya kifusi panakuja mawe. Mawe yapangwe kwa mkono, yasimwagwe tu, makubwa chini yakiwa yamesimama kwa ubavu, madogo yakipigiliwa kwenye nafasi, unene wa sentimita 15 au 20, halafu yashindiliwe mpaka yasitikisike ukiyakanyaga. Juu yake tandaza sentimita 5 za mchanga au vumbi la kokoto ili kujaza mianya na kufunika ncha kali. Usiruke mchanga huu. Unazuia zege la gharama kuingia kwenye mianya ya mawe, na unailinda nailoni isitobolewe.

Nailoni ni ile nyeusi nzito, geji 1000. Iombe kwa jina hilo dukani na uipapase, kwa sababu kuna nyepesi inayouzwa kwa bei inayokaribiana. Kazi yake ni kuzuia unyevu wa ardhini usipande. Wa Kigamboni na kwingine ambako maji hayako mbali chini, mnaijua rangi inayovimba chini ya ukuta na ule weupe wa chumvi chumvi unaojitokeza kati ya vigae. Sehemu kubwa ya shida hiyo ni maji yanayopanda kutoka chini. Kila kipande cha nailoni kipandane na mwenzake sentimita 30, pembeni ipandishwe kwenye ukuta wa msingi, na siku ya zege toroli zipite juu ya mbao. Toroli moja yenye chuma kilichochongoka inaweza kuchana mita tatu na hakuna atakayekuambia.

Sasa usawa, na hapa kuna hela yako. Tuseme nyumba yako ina mita za mraba 100 na jamvi ni la sentimita 10. Hizo ni mita za ujazo 10 za zege. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, mita moja ya ujazo inakula mifuko 6 na kidogo, kwa hiyo unazungumzia mifuko 64 hivi. Kama chini pameachwa na mabonde, wastani wa sentimita 2 tu kupita kiasi, umeongeza mita 2 za ujazo, karibu mifuko 13, pamoja na mchanga na kokoto zake. Na penye vilima, jamvi litakuwa jembamba na litapasuka hapo hapo.

Kipimo chake ni cha kijiti. Mwambie fundi afunge kamba kwenye usawa wa juu wa jamvi, toka ukuta hadi ukuta, akitumia mpira wa maji ili kamba zote zilingane. Wewe kata kijiti cha sentimita 10 kamili. Pita nacho kila hatua moja chini ya kamba, kiguse nailoni. Kikigusa kamba na chini kwa pamoja, sawa. Kikibaki kinacheza, hapo pana bonde. Kikiinua kamba, pana kilima. Fanya hivyo kwenye chumba kimoja mbele ya fundi, na vyumba vilivyobaki atavisawazisha mwenyewe. Kama unaweka wavu wa nondo, hakikisha umenyanyuliwa juu ya vipande vidogo vya zege. Ukilala kwenye nailoni hausaidii kitu.

Jambo ninalotaka mlishike kuliko yote ni lini mtakagua. Msikague siku ya zege. Siku hiyo mashine ya kuchanganyia imekodiwa, vibarua kumi na tano wamefika alfajiri, mama lishe ameshabandika sufuria, kokoto ziko barabarani na jirani ananuna. Hakuna mwanamke, hata awe jasiri vipi, atakayesimamisha kazi saa moja asubuhi kwa sababu kona moja ya chumba inazama. Fundi atasema, "Dada, hiyo tutaibana na zege," na utanyamaza. Kagua kifusi siku tatu kabla, mawe na nailoni siku moja kabla, na useme wazi tangu mwanzo kwamba mashine haikodiwi mpaka umepita. Unapokagua kifusi nenda na kipande cha nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja. Simama, kisukume wima kwa nguvu za mikono yako, hasa kwenye kona, kandokando ya ukuta na juu ya mtaro wa bomba, sehemu ambazo shindilio haliingii vizuri. Kikikataa baada ya sentimita chache, vizuri. Kikizama urefu wa kiganja bila kuhangaika, sema kwa heshima, "Fundi, hapa naomba tufukue turudie," na usiondoke mpaka umeona panafukuliwa. Mafundi wazuri hawachukii mteja wa aina hii. Wengi hufurahi kufanya kazi na mtu anayeelewa anacholipia.

Mdogo wangu wa Chanika, kwa ulivyoeleza, kifusi chako kilijazwa chote kwa siku moja na kushindiliwa juu tu. Ahirisha Jumamosi. Toa kifusi nusu ya chumba kimoja, uone hali ya chini kwa nondo, kisha uamue kwa vyumba vyote. Najua inauma kutoa ulichokwisha kulipia, lakini kifusi hakipotei, kinahamishwa chumba hiki kwenda kile na kurudi.

Na mwenzako wa Kibaha aliyeuliza kuhusu uwanja wa kuegesha gari: yote niliyosema yanakuhusu, isipokuwa nailoni si lazima nje. Kama huiweki, lowanisha ardhi jioni na asubuhi ya kumwaga iwe na unyevu bila madimbwi, la sivyo itanyonya maji ya zege. Unene uwe sentimita 12 hadi 15 kwa sababu ya gari, kata viungo kila mita tatu ili zege lipasuke unapotaka wewe, na mteremko uutengeneze kwenye kifusi chenyewe, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukiupa mgongo ukuta wa nyumba. Hata ukibadili mawazo ukaweka vitofali vya kupanga, kazi ya chini ni ile ile. Kama mtaro wa barabarani haupo, chimba shimo la kufyonza maji ya mvua umbali wa mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi, ulijaze mawe, na ulaze bomba lake kabla ya zege, kwa sababu baada ya hapo itabidi uvunje.